Maswali ya kutumia maarifa katika Biolojia ya kidato cha sita: nijizoezeje?

Kirumba_PCB

Shikamooni wakubwa, na wanafunzi wenzangu hamjambo. Nasoma kidato cha sita hapa Mwanza, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na mtihani wa taifa wa mwezi Mei unakaribia. Maswali yanayotaka maelezo ya moja kwa moja hayanisumbui: nikiulizwa muundo wa nefroni, hatua za mgawanyiko wa seli au mzunguko wa Krebs, naandika na kuchora bila kugusa daftari. Kazi inaanza pale swali linapoleta kiumbe ambaye hatukumsoma darasani, au jedwali la matokeo ya jaribio nisilolijua, kisha likanitaka nieleze sababu.

Nitatoa mfano. Katika mtihani wa majaribio wa hivi karibuni tuliambiwa kwamba samaki wa maji baridi aliwekwa kwenye maji yenye sumu inayozuia upumuaji wa seli, na baada ya muda chumvi katika damu yake ikapungua, ingawa kiasi cha chumvi katika maji hakikubadilika. Tulitakiwa kueleza kwa nini. Nilijaza ukurasa mzima kuhusu osmosi: maana yake, masharti yake, seli ya mmea, seli ya mnyama, hata chembe nyekundu ya damu inayopasuka ikiwekwa kwenye maji yasiyo na chumvi. Nikapewa alama mbili kati ya nane, na pembeni mwalimu akaandika kwamba sikujibu swali.

Wenzangu wananishauri nifanye tu mitihani iliyopita hadi iishe. Nimefanya mingi, lakini naona kila mwaka kiumbe ni mwingine na jaribio ni jingine, kwa hiyo jibu la mwaka juzi halinifai mwaka huu. Je, kuna namna ya kujizoeza maswali haya, au ni kipaji ambacho mtu anacho au hana? Na muda uliobaki niugaweje kati ya kurudia madokezo na kufanya maswali?

Mwalimu_Mstaafu_Ilemela

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha somo hili kidato cha tano na sita kwa miaka mingi, na huo ukurasa wa osmosi unaousema nimeusahihisha kwa miandiko ya kila aina. Hakuna kipaji hapo. Mwanafunzi akiona maneno "samaki" na "chumvi" hukumbuka mada, kisha huimwaga mada yote kwenye karatasi akitumaini kwamba mahali fulani ndani yake msahihishaji ataokota jibu. Msahihishaji haokoti. Anao mwongozo wenye hoja zinazotakiwa, na maana ya osmosi haimo kwa sababu hakuna aliyeiuliza.

Maswali ya namna hii karibu yote yana kitu kimoja kilichoguswa, na matokeo yaliyojitokeza mbali na pale kilipoguswa. Kazi yako ni kutoka cha kwanza hadi cha pili bila kuruka hatua. Tuchukue swali lako mwenyewe. Sumu imegusa upumuaji wa seli, maana yake ATP, yaani molekuli inayoipa seli nishati ya kufanyia kazi, imepungua. Sasa jiulize: katika shughuli zote zinazoweka sawa chumvi ya samaki wa maji baridi, ipi inatumia ATP na ipi haitumii? Damu yake ina chumvi nyingi kuliko maji ya ziwa, kwa hiyo maji huingia mwilini kwa osmosi kupitia matamvua, na chumvi huvuja kwenda nje kwa difyusheni. Haya mawili hayahitaji ATP, na yanaendelea iwepo sumu au isiwepo. Kinachohitaji ATP ni zile seli maalumu za matamvua zinazovuta ayoni za sodiamu na kloridi kutoka majini, kutoka penye uchache kwenda penye wingi, pamoja na mirija ya figo inayorudisha chumvi kwenye damu kabla mkojo haujatoka. Sumu imesimamisha upande wa kuingiza chumvi na kuuacha upande wa kuipoteza uendelee, huku maji nayo yakiendelea kuingia, na hivyo damu inazimuka. Hapo alama nane zimetimia, na neno osmosi limetumika mara moja tu.

Kuhusu mahali pa kupata maswali mapya, usitafute mbali. Ukifika Mwaloni pale Kirumba, kila samaki unayemwona amebeba swali. Chukua kamongo, samaki mwenye mapafu. Akiwa majini hutoa sehemu kubwa ya taka zake za naitrojeni kama amonia, lakini dimbwi likikauka naye akajizika kwenye tope, hutengeneza yurea na kuilimbikiza mwilini hadi mvua zirudi. Mmarekani Homer Smith, mtaalamu wa figo, alilichunguza jambo hili na kulichapisha mwaka 1930. Habari hiyo usiikariri kama ilivyo; igeuze iwe swali. Ikiwa yurea haina sumu kali kama amonia, kwa nini kamongo asiitengeneze wakati wote? Itabidi ukumbuke kwamba kuitengeneza kunagharimu ATP, na anayeishi majini hana sababu ya kulipa gharama hiyo wakati amonia inayeyuka na kuondoka kupitia matamvua papo hapo. Kisha songa mbele: akiwa kwenye tope kasi ya umetaboli wake, yaani shughuli za kikemia za mwili, hushuka sana, je, kushuka huko kunapunguzaje mzigo wa yurea? Ukishajibu kwamba protini inayovunjwa ni kidogo, kwa hiyo naitrojeni ya kuondolewa ni kidogo pia, umeunganisha mada tatu ambazo katika daftari lako zimekaa kurasa za mbalimbali.

Swali ninalolipenda kuliko yote linatoka kwa furu, wale samaki wadogo wa ziwani wenye spishi nyingi. Katika Ghuba ya Mwanza wapo furu wa spishi mbili zilizo karibu sana kiukoo, moja ikiitwa *Pundamilia nyererei* kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, na nyingine *Pundamilia pundamilia*. Madume ya spishi ya kwanza ni mekundu, ya pili ni ya buluu, na majike huchagua dume kwa kutazama rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba maji ya ziwa yanapopoteza uangavu, rangi za furu hufifia na aina zao hupungua. Swali langu kwa wanafunzi lilikuwa hili: eleza jinsi idadi ya spishi za furu inavyoweza kupungua bila samaki hata mmoja kufa.

Wanafunzi hodari walikwama hapo, maana kwao kupungua kwa spishi ni vifo tu: sangara amewala, wavuvi wamewamaliza. Ni kweli kwamba sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, aliwaangamiza furu wengi, hasa katika miaka ya 1980. Lakini swali limeweka sharti kwamba hakuna aliyekufa, na sharti la swali halivunjwi. Anza na kilichoguswa, ambacho ni mwanga. Mbolea, udongo wa mashambani na majitaka huongeza fosforasi na naitrojeni ziwani, mwani huongezeka, maji hufifia, na mawimbi ya mwanga yanayofika chini hubaki machache. Jike halioni tena tofauti kati ya jekundu na buluu. Uchaguzi wa dume kwa rangi ndio uliokuwa ukizuia spishi hizi mbili zisizaliane. Kizuizi hicho kikiondoka, jeni zinachanganyika, machotara wanazaa bila shida, na baada ya vizazi vingi mahali palipokuwa na mikusanyiko miwili ya jeni unabaki mmoja. Angalia kwamba jibu limeanza na mbolea shambani likaishia kwenye maana ya spishi. Mwanafunzi aliyekariri maana ya spishi anayo maarifa yote yanayotakiwa hapa, ila hajawahi kuyatembeza.

Nakupa zoezi. Gugu maji limefunga ghuba ndogo kwa miezi kadhaa. Wavuvi hawampati sangara humo, lakini kamongo na kambare wanaendelea kuwapata. Eleza, kwa alama kumi, na usizidishe nusu ukurasa.

Bugando_Mwaka_wa_Tatu

Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu, pole na maandalizi. Nilisoma PCB na sasa nasomea udaktari, na ninakubaliana na mwalimu kwa yote aliyosema, isipokuwa kuna hatua moja ameipita haraka kwa sababu kwake mambo haya yamo kichwani tayari. Huwezi kuuliza ni shughuli ipi inatumia ATP kama orodha ya shughuli zenyewe haikujii papo hapo. Kwa hiyo swali lako la kugawa muda lina uzito wake.

Kurudia kusoma madokezo ndiyo njia wengi wetu tuliyoizoea, na inadanganya. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakafunga na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojaribu kukumbuka wakawaacha wenzao nyuma. Ndiyo maana ukimaliza kupitia daftari usiku wa prepu unajiona umeiva, na wiki inayofuata hukumbuki kitu. Mimi ningekushauri sehemu kubwa ya muda wako daftari liwe limefungwa: chora nefroni kwenye karatasi tupu, kisha ndipo ufungue uone ulichosahau, na siku chache baadaye rudia mada hiyohiyo. Mitihani iliyopita nayo ina nafasi yake, mradi usiitafutie majibu ya kukariri. Ukimaliza swali, badilisha sharti moja ndani yake, kwa mfano umweke samaki yule yule baharini, na ulijibu upya.

Nitaongeza eneo moja ambalo mwalimu hakuligusa, nalo ni hesabu za jenetikia ya jamii, kwa sababu watu huziona kama hisabati tupu na kupoteza alama za maelezo. Tuseme swali linasema kwamba katika eneo fulani mtoto 1 kati ya kila 100 wanaozaliwa ana selimundu, na linakutaka utafute idadi ya wanaobeba aleli yake, yaani ile namna ya jeni inayoleta ugonjwa, bila kuugua. Kwa kanuni ya Hardy na Weinberg, q ni uwiano wa aleli ya ugonjwa na p ni wa aleli ya kawaida; q² ni 0.01, kwa hiyo q ni 0.1, p ni 0.9, na wabebaji, yaani 2pq, ni 0.18, au watoto 18 katika 100. Wengi huweka kalamu chini hapo na kuhamia swali jingine.

Kumbe sehemu inayofuata ndiyo yenye alama: kwa nini watafiti walihesabu watoto wachanga na si watu wazima? Kanuni ile inadai kwamba hakuna uteuzi asilia unaoendelea, na kwa selimundu uteuzi upo pande zote mbili. Swali likikuambia kwamba watoto wote wenye ugonjwa hufariki kabla ya utu uzima, basi kati ya wale 100 wamebaki 99, na wabebaji ni 18 kati yao, ambayo ni zaidi kidogo ya asilimia 18. Kisha kumbuka malaria, ambayo katika mikoa yetu ya kanda ya ziwa ni ya siku zote: mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, asiye na aleli hiyo hana, kwa hiyo vifo vya utotoni vinapunguza kundi la pili kuliko la kwanza, na uwiano wa wabebaji kati ya watu wazima unapanda zaidi. Ukihesabu watu wazima ukatumia kanuni ileile, utapata jibu lisilo sahihi hata kama hesabu yako haina kosa. (Siku hizi watoto wengi wenye selimundu wanatibiwa na kukua, kwa hiyo sharti kwamba wote hufariki ni la swali tu, si la wodini.)

Jambo dogo la mwisho. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, lakini hoja zenyewe zipange kwanza kwa Kiswahili, ukimweleza mwenzako kwa mdomo. Akikukatiza kwa "kwa nini?" na ukakosa la kusema, hapo ndipo palipokatika.

Fundi_Sanifu_Maabara

Mimi nitasema la karatasi ya vitendo tu, kwa kuwa nayo ina maswali ya aina hii na watu huisahau. Chukua jaribio la wanga na amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, ambalo kila shule inalifanya. Mrija mmoja umewekwa kwenye barafu, mwingine kwenye maji ya nyuzi 80, na baada ya muda yote miwili inabaki na rangi ya buluu-nyeusi ukidondoshea ayodini, ishara kwamba wanga bado upo. Mwanafunzi anaona matokeo yanafanana, anaandika kwamba kimeng'enya hakikufanya kazi, anaendelea. Swali linataka sababu, na sababu hazifanani: kwenye baridi molekuli zina nishati ndogo, zinagongana mara chache, lakini kimeng'enya ni kizima, kwenye joto kali umbo la protini limeharibika, na pale wanga ulipokuwa ukishikamana nacho hapapo tena.

Utathibitishaje? Hamishia mirija yote miwili kwenye maji ya nyuzi 37. Uliotoka kwenye barafu utaanza kupoteza ile rangi, uliotoka kwenye joto utabaki vilevile. Anayeweza kubuni hatua hiyo bila kuambiwa, kwangu amefaulu. Tena mtenganishe kusimulia grafu na kueleza grafu. Kuandika kwamba kasi inapanda hadi nyuzi 40 kisha inashuka ni kusimulia, na swali likisema "eleza" masimulizi hayo peke yake hayatoshi.

Kirumba_PCB

Nawashukuru sana nyote. Dada wa Bugando, ile ya kuhesabu watoto wachanga sikuwahi kuisikia popote. Mwalimu, jibu langu la gugu maji ni hili, nimeliandika daftari likiwa limefungwa:

"Gugu maji limefunika uso wa maji na kuzuia mwanga, kwa hiyo mwani na mimea iliyo chini yake haiwezi kufanya usanisinuru, na oksijeni inapungua. Majani yanapokufa yanaozeshwa na bakteria, ambao hutumia oksijeni iliyobaki. Sangara ni samaki mkubwa anayehitaji oksijeni nyingi, kwa hiyo anakufa. Kamongo ana mapafu na kambare ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa, kwa hiyo wanaishi. Pia kamongo hutengeneza yurea akiwa kwenye tope."

Mwalimu_Mstaafu_Ilemela

Vizuri, umeshaanza kutembea. Ningekupa sita kati ya kumi, na nitakuonyesha nne ziko wapi.

Sentensi ya kwanza ni njema, ila oksijeni ya majini ina njia mbili za kuingia na umetaja moja. Nyingine ni hewani: upepo na mawimbi huchanganya maji na hewa, na zulia la gugu huzuia hilo pia. Kuhusu bakteria, umesema wanatumia oksijeni bila kusema kwa nini sasa wanatumia nyingi kuliko zamani. Mabaki ya mimea ni chakula, chakula kikizidi bakteria huongezeka, na upumuaji wao unaohitaji oksijeni huongezeka pamoja nao.

Kwa sangara umeteleza mara mbili. Ukubwa wa mwili peke yake si sababu. Sema kwamba ni mwindaji mwenye misuli inayofanya kazi kubwa, na kwamba oksijeni yake yote huipata majini kupitia matamvua. Halafu umemuua. Swali lilisema wavuvi hawampati humo, na samaki mwenye mapezi akikosa hewa anaweza kuhamia maji ya wazi. Andika "hufa au huhama", na ukiweza toa sababu ya kudhani kwamba anahama, kwa mfano kwamba ghuba haikufungwa upande wa ziwani.

Kamongo na kambare umewaeleza sawasawa, ingawa ulipaswa kuongeza kwamba ni lazima wafike juu kuvuta hewa, yaani wanapata oksijeni bila kutegemea iliyoyeyuka majini. Sentensi ya yurea ifute. Ni kweli, lakini katika ghuba hii hakuna aliyejizika kwenye tope, na ni ule ukurasa wako wa osmosi umerudi kwa udogo.

Sasa endelea na swali hilohilo. Katika miaka ya 1990 waliletwa ziwani wadudu wa jamii ya *Neochetina* wanaokula gugu maji. Tuseme katika ghuba yetu wadudu hao wamefanikiwa, na gugu karibu lote limekufa na kuzama ndani ya wiki chache. Je, oksijeni itapanda mara moja? Chora grafu ya oksijeni iliyoyeyuka dhidi ya muda, kuanzia wiki ya kwanza gugu lilipoanza kuzama, weka vipimo kwenye mihimili yote miwili, na kila mahali mstari unapobadili mwelekeo andika sababu yake kwa sentensi moja.